Bastola ya Bibi Lourana

Wanda akitaka mumewe apande kula, aligonga bomba la maji kwa kijiko. Bomba lilishuka kutoka jikoni hadi chumba cha chini ya nyumba, na huko chini Arvil Sturgill, kainama mbele ya jiliwa lake la kubania chuma na tupa mkononi, aliisikia sauti ile, akajibu "Nakuja!" kisha akaendelea na kazi yake. Mara ya pili akajibu hivyo hivyo. Mara ya tatu Wanda hakugonga tena, aliteremka mwenyewe.

"Kabichi imepoa," alisema. "Na hebu ona nywele zako, vumbi la mbao tupu. Siku ukifa hatununui jeneza, maana umeshageuka ubao."

"Basi mnipake mafuta ya kitani nisioze."

"Panda ule, wewe!"

Arvil alipanda. Alikula kimya, macho kayaelekeza dirishani, kwenye ua wa jirani na nguzo za umeme za Ypsilanti, lakini Wanda alijua kwamba haoni hata kimoja. Alishamzoea. Mwili wa mumewe ulikuwa Michigan, ukila, ukienda kiwandani, ukilala. Mwenyewe alikuwa Kentucky.

Aliondoka Bonde la Pawpaw akiwa na miaka kumi na tisa. Mashine zilikuwa zimeanza kuwapokonya watu kazi kwenye migodi ya makaa, na kila basi la kwenda kaskazini lilibeba vijana. Mama yake alimfungia kuku wa kukaanga kwenye boksi la viatu. "Mwaka mmoja tu, mama," Arvil alimwambia. "Nikipata hela ya gari, narudi." Gari alilipata. Kila Ijumaa jioni aliondoka nalo kurudi kwao na wenzake wanne, wakipokezana usukani hadi kunapopambazuka, wapate Jumamosi moja ya mkate wa mahindi na maharage ya mama, kisha Jumapili wageuze. Halafu akakutana na Wanda kwenye ukumbi wa dansi wa Wapolandi, akaoa, wakazaliwa watoto, mama akafariki, na safari za kila Ijumaa zikapungua hadi ikabaki moja kwa mwaka, mwezi wa tano, watu wanapopamba makaburi. Akimaliza kupanga maua kaburini kwa wazazi, alikula mchana kwa dada yake Ocie, jioni akaondoka.

Kazini, kwenye tanuri la kuyeyusha chuma, walimwita Mtu wa Milimani.

"Arvil, kwenu mmeshaanza kuvaa viatu?"

"Tunavaa. Tunavivua tu tukija kuwakanyaga nyie, tusivichafue."

Walicheka, naye akacheka. Lakini akishacheka, macho yalirudi kule kule.

Kule kulikuwa na asubuhi moja. Ilikuwa Krismasi, yeye akiwa na miaka sita, theluji imefunika bonde zima. Alikuwa amebandika pua kwenye kioo cha dirisha. Nje kibarazani alisimama Bibi Lourana, mama yake baba, ndani ya koti lake refu jeusi na kitambaa chekundu kichwani, mgongo kaunyoosha kama askari. Mkononi alishika bastola yake ndogo, ya baruti nyeusi, fupi kiasi cha kufichika kiganjani, ile iliyokaa mwaka mzima juu ya jiko la mawe na kuteremshwa siku hiyo tu. Aliijaza baruti bila risasi, akainua mkono. Mlio ukapasua bonde. Moshi mweupe ukamfunika hadi kiunoni. Kisha, ng'ambo ya kijito, nyumba ya kina Messer ikajibu, *pa!* Ikajibu nyumba ya juu kilimani, ikajibu ya karibu na kanisa, hadi bonde lote likawa linaitana. Bibi akageuka dirishani, akamwona mjukuu wake, akamkonyeza.

Miaka miwili baadaye bibi alizikwa, na baba mdogo mmoja aliyehamia Indiana akaondoka na bastola. Hakuonekana tena, yeye wala bastola.

Sasa, mwaka mmoja Arvil akiwa na umri wa kama miaka thelathini na minne, alipita mbele ya duka la vifaa vya uwindaji. Dirishani paliwekwa boksi la vipande vya bastola ndogo ya kizamani, ya kujiundia mwenyewe nyumbani: mtutu mfupi, mbao iliyochongwa nusunusu, nyundo, skrubu na karatasi ya maelezo. Alisimama mbele ya kioo kile mpaka mwenye duka akatoka nje kumuuliza kama anaumwa.

Ile ya kwanza ilikuwa aibu. Mbao aliichimba mno kwa patasi, chuma kikacheza ndani kama jino bovu. Ya pili ilikuwa afadhali. Ya tatu hakutumia boksi tena, alinunua mtutu kwa fundi na mbao akachonga mwenyewe. Alijifunza kuwa na subira. Alipaka masizi ya taa kwenye chuma, akakibonyeza kwenye mbao, akakitoa, akakwangua pale tu palipobaki doa jeusi, akakibonyeza tena, jioni baada ya jioni, mpaka chuma kikalala ndani ya mbao hata kipande cha karatasi kisipite. Alisugua msasa hadi mti ukang'aa kama ngozi ya farasi. Jumapili alikwenda uwanjani na klabu ya wapenzi wa baruti nyeusi, wanaume wa mjini waliovaa mashati ya ngozi yenye nyuzi za kuning'inia na kujifanya watu wa zama za babu zao. Walizipokezana bastola zake kwa heshima.

"Niuzie hii, Arvil."

"Siuzi."

"Ya nani?"

"Ya bibi yangu."

"Yu hai?"

"Hapana."

Wakaacha kuuliza.

Maana kila aliyoimaliza aliitundika ukutani, akakaa kwenye kigoda akaitazama, na kila mara alijua kuwa siyo. Mpini umepinda mno. Shaba ni nyingi. Ya bibi ilikuwa na kitu fulani, kitu cha uzuri, kama shingo ya ndege, nacho alikuwa nusura akikamate kila akifumba macho. Akashuka tena kuanza nyingine. Ukuta ukajaa.

"Huyo bibi yako alikuwa na mikono mingapi?" Wanda aliuliza siku moja, kaegemea ngazi.

"Bado sijaipata yenyewe."

"Dada yako si alikulia nyumba hiyo hiyo? Mpelekee aone, akwambie imekosa nini. Mwaka hadi mwaka tunakwenda kule, hujawahi hata kumtajia."

"Nataka nimpelekee iliyo sawasawa."

"Unaogopa, wewe," Wanda alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Sijui unaogopa nini."

Arvil alitimiza miaka yake thelathini kiwandani, akastaafu na umri wa miaka hamsini na kikohozi. Miezi yote ya mwaka ule alitengeneza bastola moja tu. Mbao ilikuwa ya mti wa mepo wenye mawimbi, mistari yake ikicheza kwenye mwanga kama maji. Pembeni alipachika majani madogo ya fedha, akayachora mishipa kwa sindano. Ilikaa kiganjani kama kifaranga. Alipofumba macho na kuishika, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema moyoni: ndiyo hii.

"Krismasi hii twende kwa Ocie," alimwambia mkewe.

Ocie alikuwa amemzidi miaka tisa. Mumewe alikufa mgodini, watoto wake walihamia Ohio, naye aliishi peke yake katika nyumba ile ile ya Bibi Lourana, na jiko lile lile la mawe. Walimkuta mchana wa mkesha wa Krismasi akipanga keki yake ya matabaka na tufaha zilizokaushwa. Alimkumbatia Wanda kabla hajamgusa kaka yake.

"Wifi, karibu! Huyu amekuleta na barafu yote hii? Hana akili huyu."

"Kanileta kwa sababu ya mwanamke mwingine," Wanda alisema. "Mwulize."

Arvil hakungoja kuulizwa. Aliweka kitambaa cha manyoya mezani kati ya unga na tufaha, akakifunua taratibu, bastola ikaonekana.

"Unaitambua?" aliuliza.

Ocie alifuta mikono kwenye aproni. Aliinama akatazama. Alitazama kwa muda, akamtazama kaka yake, akarudi kuitazama bastola.

"Nzuri ajabu," alisema. "Umetengeneza wewe?"

"Mimi. Unaitambua?"

"Niitambue vipi?"

"Ya Bibi, Ocie! Bastola ya Bibi."

Ocie alijaribu kujizuia. Alibana midomo, akaweka mkono kifuani, lakini kicheko kilimtoka, akaketi kwenye kiti, akacheka mpaka machozi yakamchora mistari kwenye unga wa mashavuni.

"Mdogo wangu wee! Hii ni bastola ya gavana! Ile ya Bibi? Ile ilikuwa balaa. Mpini ulipasuka, babu akaufunga kwa waya wa uzio na kipande cha kiatu. Nyundo ilikuwa imelegea. Bibi mwenyewe aliiita Chura."

"Siyo," Arvil alisema. "Nilimwona nayo. Krismasi ile ya theluji kubwa. Alivaa koti jeusi na kitambaa chekundu. Alipiga, bonde lote likajibu, kisha akageuka akanikonyeza."

Kicheko cha Ocie kilikatika.

"Akakukonyeza nani?"

"Bibi."

"Bibi Lourana akukonyeze? Bibi aliyetuchapa kwa kosa la kutabasamu kanisani?" Ocie alisimama, akaja upande wa meza aliokaa yeye. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Arvil. Mwaka ule Bibi alikuwa kitandani, homa ya mapafu imemshika. Akaniambia, Ocie, vaa koti langu utoke ukapige wewe, nyumba hii isipolia watu watajua naumwa, watajaa humu na supu zao. Kitambaa nilijifunga mwenyewe. Nilinyoosha mgongo ili nifanane naye, na kwa kuwa nilikuwa naogopa ajabu. Nilipogeuka nikaona pua yako imejibana kwenye kioo kama ya nguruwe. Nikakukonyeza ili usinisemee."

Wanda alishika keki iliyokuwa inateleza, akaisogeza katikati ya meza.

Arvil alichukua kofia yake, akatoka kibarazani. Kijito kilikuwa kimeganda pembezoni, katikati maji yakipita meusi. Ng'ambo, nyumba zilizokuwa zikijibu asubuhi ile zilikuwa chache. Nyingine zilibaki mabomba ya moshi tu, na nyingine hata hayo hayakuwepo. Aliona miaka yote aliyoinamia jiliwa akimtafuta mwanamke aliyelala chini ya jiwe pale kilimani. Na yule aliyemwona kwa macho yake alikuwa jikoni, kamzidi miaka tisa, na kila mwaka yeye Arvil alimpa mchana mmoja tu, akala maharage yake, akaaga.

Mlango ulilia nyuma yake. Ocie alikuwa amejitanda shali.

"Nimekuharibia."

"Hapana."

"Ningenyamaza tu. Ningesema ndiyo yenyewe."

"Hapana, dada."

Walisimama. Pumzi zao zilitoka nyeupe.

"Kila ukija," Ocie alisema, "unakaa kwenye kiti kile, unatazama juu ya jiko. Pale palikuwa na saa. Nikawa najisemea, huyu anaangalia saa, anataka kuondoka. Basi nilikuwa nakufungia chakula cha njiani mapema, nisikucheleweshe."

"Nilikuwa naangalia mahali pa bastola."

"Na mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa, Arvil."

Arvil alimvuta dada yake begani kwake, shali na unga na vyote, na Ocie, ambaye si mtu wa kukumbatiwa ovyo, alikubali.

Asubuhi ya Krismasi Arvil aliijaza bastola ya majani ya fedha, baruti tu na karatasi, akampa.

"Mimi? Nitaiharibu."

"Haiharibiki. Ndiyo kazi yake, haijawahi kufanya kazi hata siku moja."

"Wifi, uko tayari?" Ocie aliuliza.

"Nimeziba masikio tangu nilipoamka," Wanda alijibu.

Ocie aliinyoosha mbali na uso wake, akafumba macho yote mawili, akafyatua. Mlio ulikwenda hadi ukingo wa mlima, ukarudi, ukaondoka tena. Moshi ulimzunguka, akakohoa, akacheka. Wote watatu wakanyamaza, wakasikiliza. Hakuna aliyejibu. Theluji ilidondoka kutoka kwenye tawi. Arvil alisikiliza zaidi ya wenzake, uso kaugeuzia ng'ambo, na Wanda aliuona uso ule akaenda kumshika mkono.

Ndani simu ikaita, Ocie akaenda kuipokea. Ilikuwa ya Cloyd Messer, mzee wa ng'ambo ya kijito, ambaye siku hizi hakuwa akitoka kitandani.

"Nani kafa huko?" alipiga kelele hata waliokuwa kibarazani wakamsikia.

"Hakuna aliyekufa, Cloyd! Ni Krismasi!"

"Mbwa wangu kaingia uvunguni, hataki kutoka!"

"Mpe nyama!"

Halafu sauti ya mzee ikashuka. "Ocie. Baruti imebaki? Mwambie anayepiga asubiri. Binti yangu ananifungulia dirisha."

Wakapiga tena, wakapiga tena, mpaka mtutu ukawa na joto na Arvil akasema sasa upumzike.

Mwaka mpya ulipopita, Wanda alirudi Michigan, kwenye kazi yake ya duka la mikate. Arvil alibeba sanduku lake hadi garini, akafungua mlango wa upande wa dereva aingie. Mkewe akamzuia.

"Mimi naweza kuendesha. Wewe baki."

"Nibaki nini?"

"Nimeishi miaka yote hii na mume asiyekuwepo," Wanda alisema. "Kaa hapa mpaka uwepo, ndipo urudi. Na usinitazame hivyo, sijakufukuza. Nakusubiri."

Akabaki. Walikarabati paa la banda, yeye na Ocie, wakabishana juu ya kila msumari. Kisha, kwenye meza ya jikoni, wakaanza kumtengeneza Chura. Ocie aliketi karibu na miwani puani, akiamuru.

"Pasua hapo."

"Nipasue mbao nzima, nzuri?"

"Ipasue! Ilikuwa imepasuka. Sasa waya. Siyo hivyo, umeupanga vizuri mno, babu alikuwa mlevi."

Arvil alipasua, akafunga waya ovyo, akatundika ile takataka juu ya jiko. Wakaitazama, Ocie akapiga makofi mara moja, akasema imekaa. Na Arvil, akiitazama, alingoja ule uchungu wa zamani uje, wa kushuka tena akaanze nyingine. Haukuja.

Ulikuja mwingine, asubuhi moja ya mwezi wa tatu, bila kubisha hodi. Alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Mbele yake lilikuwa bonde alilolililia maisha yake yote, mti wa kwanza umeanza kutoa maua ya zambarau, naye akajikuta anawaza mikate. Wanda akirudi kutoka kazini koti lake lilikuwa na harufu ya mkate wa ngano nyeusi, na alipolitundika mlangoni nyumba nzima ilinukia. Aliwaza jinsi anavyovua viatu kwa kisigino bila kuinama. Aliwaza treni ya mizigo inayopita nyuma ya mtaa wao, treni aliyoilaani kwa miaka, na kwamba hajaisikia tangu Krismasi.

"Arvil," Ocie aliita. "Arvil! Uko wapi wewe?"

"Hapa."

"Hupo. Nimekuuliza sukari mara mbili."

Alipiga simu. Iliita sana kabla Wanda hajaipokea, akihema.

"Ulikuwa wapi?" Arvil aliuliza.

"Nje, naondoa theluji mlangoni. Nani mwingine wa kuiondoa?"

"Bado mna theluji?"

"Tunayo ya kugawa. Umepiga kuulizia theluji?"

"Wanda," alisema. "Ulipika nini jana?"

Sauti ya Wanda ikabadilika. "Njoo uone mwenyewe."

Alipoweka simu chini Ocie alikuwa amesimama mlangoni, tayari ana koti la kanisani, na begi dogo la nguo miguuni.

"Wewe unakwenda wapi?" Arvil aliuliza.

"Miaka yote umekuja wewe kwangu. Mimi sijui hata kitanda chako kimeelekea wapi. Kwani huko Michigan hawapokei wageni?"

Walimwachia ufunguo wa nyumba binti yake Cloyd, wakaondoka siku ya pili kwa gari la zamani la marehemu mumewe Ocie. Ocie alikaa mbele, keki ya tufaha mapajani ndani ya bati, hakukubali iwekwe nyuma. Kila walipovuka daraja aliuliza kama huo ndio mto Ohio, na kila mara Arvil akasema bado, hicho ni kijito tu, dada, tulia. Milima ikaanza kulegea, ikawa vilima. Ocie alishika bati lake kwa mikono miwili akatazama mashamba tambarare yakija.

Hatimaye mto wenyewe ukatokea, mpana, rangi ya udongo, na daraja refu la chuma juu yake.

"Huu ndio?"

"Ndio huu."

"Mlifika hapa saa ngapi, ulipoondoka mara ya kwanza?"

"Jioni hivi. Basi lilisimama upande ule tukanywa soda."

Ocie alitazama maji. "Ulilia hapa?"

"Nani amekwambia nililia?"

"Nauliza tu," alisema. "Mimi nililia hadi mama akanifukuza mezani. Endesha polepole, Arvil, niuone vizuri."

Gari la nyuma lilipiga honi. Arvil alipunguza mwendo.